Picha ya Gari Usiku Imegoma: Kasoro za Kupaka Mwanga na Vyanzo Vyake

Kupaka mwanga ni kulimulika gari gizani kwa taa ya mkononi huku shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, ikiwa wazi kwa sekunde nyingi. Picha ikigoma, kabla hujazungusha kitufe chochote cha kamera, piga picha moja bila kuwasha tochi. Acha mipangilio ileile, lenzi ileile, sekunde zilezile, na watu wote wasimame nyuma ya kamera. Hiyo naiita picha tupu, na ndiyo inayogawa ugonjwa mara mbili. Kasoro ikionekana kwenye picha tupu, itafute kwenye kamera, stendi, ardhi, upepo au taa za barabarani. Isipoonekana, iache kamera. Tatizo liko kwa aliyeshika taa, au mahali aliposimama.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi hurukia kamera kwanza. Gari likitoka jeusi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) inapandishwa. Yakitokea madoa, lenzi inalaumiwa na safari ya kwenda Dar kununua nyingine inaanza kupangwa. Ukweli ni kwamba katika kupaka mwanga kamera ina kazi ndogo: inafungua shata na kusubiri. Kazi kubwa iko kwa mtu anayetembea gizani na taa mkononi.

Mipangilio ninayoanzia ni ISO 100, f/8 (tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sekunde 30, fokasi ya mkono, rangi ya mwanga imefungwa kwenye Kelvin 5000, kizuia mtikisiko kimezimwa, faili la RAW, yaani picha ghafi. Nje ya mji, usiku usio na mwezi, tuseme hapa Dodoma upande wa Hombolo au njia ya Bahi, picha tupu kwa mipangilio hiyo inatakiwa itoke karibu nyeusi. Hapo una karatasi safi ya kuchorea.

Picha tupu haitoki nyeusi

Mara nyingi umewahi mno. Dodoma jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kamili kutegemea mwezi wa mwaka, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza halichelewi: dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama mbingu ya bluu imeshaanza kukuponyoka. Kama unaitaka bluu hiyo nyuma ya gari, ipige kwanza peke yake, bila tochi, kisha usiiguse stendi tena. Mwanga utaupaka giza likikolea, na picha utaziunganisha baadaye. Kujaribu kufanya yote mawili ndani ya dakika zilezile ni kujitafutia presha.

Mwezi mpevu nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukifungua lenzi hadi f/2.8 kwa ISO 100 na sekunde 30, ardhi yote itaonekana kana kwamba ni mchana. Usipunguze sekunde, kwa sababu mwenzako anazihitaji kuzunguka gari. Funga lenzi. Kwenye f/8 mwanga wa mwezi unaoingia ni kama moja ya nane ya ule, na hapo unakuwa msaidizi mzuri wa kuonyesha miti na vilima bila kukuharibia kazi.

Taa za barabarani ni habari nyingine. Maeneo kama Kisasa au Area C utazikuta zimekaa kwenye boneti na kioo cha mbele kama vidoti vyeupe, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoziondoa. Sogeza gari au kamera hadi vidoti vitoke. Mji huu umejaliwa vilima vya mawe, na kilima kimoja kati yako na mji kinafanya kazi ambayo programu ya kuhariri haiwezi.

Kingo mbili

Tazama kwa makini ni kitu gani kimejirudia. Kama ni gari, mti na jiwe la nyuma vyote kwa pamoja, stendi imetikisika. Kama mti na jiwe vimetulia na gari peke yake lina kingo mbili, gari ndilo lililosogea. Ukitofautisha haya mawili umeokoa saa nzima ya kubahatisha.

Tuanze na stendi. Kuanzia Juni hadi Septemba Dodoma ina upepo usiosamehe, na stendi nyepesi iliyorefushwa hadi mwisho haiwezi kusimama imara dhidi yake kwa sekunde 30. Ishushe. Picha nyingi nzuri za magari hupigwa kamera ikiwa usawa wa taa za mbele au chini yake, kwa hiyo hupotezi kitu. Usitumie nguzo ya katikati. Begi la kuning'iniza chini ya stendi husaidia likiwa linagusa ardhi. Likining'inia hewani upepo unalifanya bembea, nalo linaitikisa stendi kuliko upepo wenyewe. Kwenye mchanga kandamiza miguu mpaka igome kushuka. Ukitafuta jiwe la kuongeza uzito, ligeuze kwa kiatu kwanza, si kwa mkono. Nge wa huku hawabishi hodi.

Kizuia mtikisiko kikiachwa kimewashwa wakati kamera iko kwenye stendi, lenzi nyingine huanza kuutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe. Zima. Kubonyeza kitufe kwa kidole nako kunatikisa, kwa hiyo tumia rimoti au kihesabio cha sekunde mbili. Na kama uko kando ya barabara kuu ya kwenda Singida au Morogoro, lori lenye mzigo likipita ardhi yenyewe inatetemeka. Subiri lipite, au ondoka kando ya barabara kabisa, jambo ambalo kiusalama ni bora zaidi.

Sasa gari. Gari limekaa juu ya springi na mipira, halitulii mara moja. Ukifungua mlango, ukikaa kwenye siti, hata ukiegemea bampa, linahama kwa milimita kadhaa na linachukua muda kurudi, na pengine lisirudi palepale. Noah na Alphard, kwa urefu wake, huyumba na upepo pia. Injini ikiwa inaunguruma, boneti na vioo vya pembeni vinatetemeka muda wote. Kanuni yangu ni kwamba injini imezimwa, handibreki imevutwa, vioo vimepandishwa, na hakuna anayegusa gari hadi kazi iishe. Kama lazima mtu aingie ndani kuwasha taa, hiyo ipigwe mwisho kabisa, baada ya picha nyingine zote za pozi hilo kupatikana.

Fokasi imekosa

Lenzi inahangaika mbele na nyuma, au shata inakataa kufunguka. Gizani haina cha kushika. Mulika nembo ya gari au ukingo wa taa ya mbele kwa tochi, kuza picha kwenye skrini, fokasi kwa mkono, kisha bana pete ya lenzi kwa kipande cha selotepu. Kama pua ya gari ni kali na buti lina ukungu, umefungua lenzi mno. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye f/8, ukifokasi kwenye mita 6, unapata ukali kuanzia kama mita tatu na nusu hadi zaidi ya mita 20. Gari lote limo.

Ardhi imeungua, gari bado jeusi

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu amezunguka gari na tochi kali, amelimulika kila upande. Kwenye picha mchanga unawaka, nyasi zinawaka, matairi yanaonekana vizuri, lakini ubavu wa gari ni mweusi wenye doa moja jeupe linaloumiza macho. Anatafuta tochi kali zaidi. Mchanga unazidi kuungua, doa linazidi kuwa jeupe, gari linabaki jeusi vilevile.

Chanzo ni kwamba rangi ya gari iliyong'arishwa ni kioo. Mchanga, nyasi na tairi hutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo kokote utakakosimama na tochi, kamera itapata chochote. Rangi ya gari haitawanyi. Inaurudisha mwanga kwa pembe ileile iliyoupokelea, upande mmoja tu, na kama kamera haipo upande huo, haipati kitu hata ukileta taa za uwanja wa Jamhuri. Ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, unamwona kwenye kioo mteja aliye kwenye benchi pembeni kabisa, wala hajasimama mbele ya kioo. Taa yako inatakiwa ikae kwenye benchi lile.

Kwa hiyo acha kuuliza tochi ina nguvu kiasi gani. Uliza: kutoka pale kamera ilipo, mlango huu unaona nini? Njia ya kujibu ni rahisi. Weka jicho lako kando ya lenzi. Mwenzako awashe tochi kwa mwanga mdogo na atembee taratibu kuzunguka gari, wewe ukimwelekeza, hadi uione taa yake ikiwa ndani ya mlango. Aweke alama hapo. Rudia kwa bampa, kwa boneti, kwa paa. Utashangaa. Kwa ubavu, mara nyingi mahali penyewe ni mbali kuliko mlivyodhani, hatua kadhaa kutoka kwenye gari, na taa ikiwa chini, karibu na magoti. Kwa boneti na paa, kamera ikiwa chini, mahali ni nyuma ya gari na juu yake, taa ikiitazama kamera. Hakuna anayekisia hilo bila kujaribu, kwa sababu mazoea ya tochi ni kumulika kutoka mbele.

Jambo la pili ni ukubwa wa taa. Kioo kinaonyesha umbo la kinachokitazama. Tochi ni nukta, kwa hiyo kwenye rangi ya gari inatoka nukta, na ikitembezwa inatoka uzi mwembamba. Ukitaka mlango ujae mwanga laini unaofuata mikunjo ya bati, unahitaji kitu kirefu au kipana: tubulaiti ya LED ya mita moja, au mkanda wa LED uliobandikwa kwenye ubao, au shuka jeupe. Shuka ndilo ninalolipenda kwa anayeanza. Wawili walishike wima, wa tatu alimulike kwa tochi kutoka upande wa gari, na gari litaakisi shuka zima. Lifungeni kwenye fito mbili, la sivyo upepo wa Julai utalipeleka Chamwino.

Kuna faida nyingine iliyojificha katika hesabu hii. Mwanga unaotua kwenye mchanga hupungua hadi robo ukienda mbali mara mbili. Mwanga unaoakisiwa na rangi ya gari haupungui hivyo: taa inaonekana ndogo zaidi, lakini ung'avu wake unabaki karibu uleule. Kwa hiyo ardhi ikiungua, usipunguze taa. Rudi nyuma na taa yako. Ardhi itapoa, gari halitapoteza kitu isipokuwa upana wa mstari, na huo unaurudisha kwa taa kubwa zaidi.

Rangi hazifanani. Gari jeupe lina tabaka la chini linalotawanya mwanga kama ukuta, na juu yake tabaka la kung'aa, kwa hiyo linakubali hata tochi ya kawaida. Rangi ya fedha ina chembe za madini zinazometa, nayo inaonyesha kila mahali uliposita. Nyeusi ni kioo kitupu, haina huruma. Anayejifunza aanze na IST nyeupe ya jirani kabla ya kukubali kazi ya Crown nyeusi ya bwana harusi.

Taa yenyewe imechora mstari kwenye mbingu

Mwaka 1949 Gjon Mili, mpiga picha wa jarida la Life, alimpa Pablo Picasso taa ndogo ya umeme kwenye chumba chenye giza huko Vallauris, Ufaransa, na Picasso akachora hewani fahali na maumbo mengine. Mistari ile ilibaki kwenye picha kwa sababu taa ilikuwa inaitazama lenzi. Sisi tunataka kinyume: matokeo ya taa yabaki, taa yenyewe ipotee.

Kwa ubavu wa gari hilo si gumu. Ziba upande wa taa unaotazama kamera kwa kadibodi nyeusi au selotepu nyeusi ya umeme, iwe na kope upande mmoja, na usiigeuze wakati wa kutembea. Kwa boneti na paa haiwezekani kuziba, maana tumeshaona kwamba taa lazima iitazame kamera. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuinua taa juu ya mpaka wa picha, kwenye mti mrefu, na kujaribu hadi uone akisi bado imo kwenye boneti. Ya pili, na ndiyo inayotumika zaidi, ni kukubali mstari uonekane kwenye picha hiyo, kisha kuifuta mbingu yake wakati wa kuunganisha, ukichukua mbingu ya picha tupu. Ile ile picha tupu uliyoanza nayo. Kwa hiyo usiifute kwenye kadi.

Rangi ya gari ina vistari

Tazama vistari vinaelekea wapi. Vikifuata njia uliyotembea, mistari mingi sambamba, unaona LED moja moja za mkanda wako, kila kidoti kimechora uzi wake. Dawa ni kuzifunika: karatasi nyeupe ya kuokea, plastiki nyeupe ya maziwa, au kitambaa cheupe, kikae sentimita chache mbele ya LED, kisiziguse. Vikikata njia yako kama ngazi, taa yako inawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Taa nyingi za bei nafuu, zikiwa zimepunguzwa mwanga kwa kitufe, hupunguza kwa namna hiyo hasa. Ziwashe kwa nguvu yake yote, kisha punguza kwa kuongeza kitambaa. Mkanda wa LED wa volti 12 uliounganishwa moja kwa moja na betri ya pikipiki, bila kipunguza mwanga katikati, hauna tatizo hili.

Kama mstari ni mmoja lakini umejikunja kama wimbi, ni hatua zako. Kila unapokanyaga, mkono unashuka. Funga kamba kati ya fito mbili kwenye urefu unaoutaka, na taa iteleze ukiifuata kamba kwa macho. Kama mstari umenyooka lakini mlango wa nyuma umeng'aa kuliko wa mbele, ulipunguza mwendo. Hesabu hatua kwa sauti. Na washa taa ukiwa tayari unatembea, uizime ukiwa bado unatembea. Anayeanza akiwa amesimama huacha doa mwanzoni na lingine mwishoni.

Mzimu

Mtu anayetembea gizani na nguo nyeusi kamera haimwoni. Ikimwona, kuna kitu kilimmulika. Mara nyingi ni taa yake mwenyewe inayopiga tumbo au mkono, au skrini ya simu, au vile vipande vinavyoakisi kwenye raba na kwenye koti la bodaboda. Sababu nyingine ni kwamba alipita kati ya kamera na sehemu inayowaka, akasita, akaacha kivuli chenye umbo la mtu. Na kwenye gari jeusi kuna mzimu wa tatu: miguu yake ikionekana ndani ya mlango, kwa sababu mchanga nyuma yake uling'aa na yeye akawa kivuli mbele yake. Asimame nyuma ya taa, taa iwe kati yake na gari.

Rangi hazipatani

Mlango wa bluu, paa la njano. Umetumia tochi mbili tofauti, au kamera imeachwa ichague rangi yenyewe na imebadili mawazo kati ya picha moja na nyingine. Funga Kelvin, tumia taa moja kwa gari zima. Kama ni sehemu ya chini ya milango tu yenye wekundu, hiyo ni ardhi: kwenye udongo mwekundu gari linaakisi udongo uliomulikwa. Mimi huiacha. Gari lililopigwa Dodoma lina haki ya kuonekana limepigwa Dodoma.

Taa za gari zimelipuka, namba haisomeki

Taa kubwa zikiwaka sekunde 30 zinatoka mpira mweupe, na mwanga unamwagika kwenye lenzi nzima. Sekunde moja inatosha, mara nyingi hata pungufu. Tumia taa ndogo za kuegesha badala ya taa kubwa, zipigwe kwenye picha yake peke yake. Magari mengi ya Kijapani huwasha taa ya ndani mlango unapofunguliwa na kuiacha iwake kwa muda. Ikate kwa swichi yake ya darini. Kama unataka ndani kuonekane, tochi ndogo iliyofunikwa kitambaa, imewekwa sakafuni chini ya siti, inapendeza kuliko taa ya dari.

Namba ya gari imetengenezwa irudishe mwanga kulekule ulikotoka. Kwa hiyo tochi iliyo karibu na kamera inaigeuza bamba jeupe. Mikanda ya kuakisi kwenye malori inafanya vilevile, na anayepiga picha ya Scania au Fuso ajiandae. Usimulike namba kutoka upande wa kamera, au ifunike kwa kitambaa cheusi. Wateja wengi hawataki namba ionekane hata hivyo.

Vumbi

Lililoko kwenye gari na lililoko hewani ni matatizo tofauti. Mwanga unaopita sambamba na bati unafichua kila chembe na kila mkwaruzo wa kitambaa cha muosha magari, hata gari ambalo mchana linaonekana safi. Lioshwe jioni hiyohiyo, na ukifika eneo la kazi futa tena kwa kitambaa laini chenye unyevu. Sehemu ya mwisho ya barabara ya vumbi iendeshe polepole. La hewani hutokea gari jingine likipita: mwanga unageuka ukungu wa maziwa na weusi wote unafifia. Hakuna dawa zaidi ya kusubiri. Msimu wa mvua tatizo linahama, badala ya vumbi unapata kumbikumbi, na kila mmoja anachora kistari chake mbele ya taa.

Nukta za rangi, na kamera iliyoganda

Nukta nyekundu, bluu na kijani zilizotawanyika, zikiwa palepale katika kila picha, ni joto la kihisi cha kamera. Huzidi miezi ya joto kama Novemba na ukipiga mfululizo. Kamera ina mpangilio wa kupunguza kelele za picha ndefu: baada ya sekunde 30 za picha, inapiga nyingine sekunde 30 ikiwa imefunga, kisha inatoa nukta zilizofanana. Ndiyo maana baada ya kila picha inakaa kimya na watu wanadhani imeganda, wanachomoa betri na kupoteza picha. Iache imalize. Ukiwa na haraka zima mpangilio huo, na upige picha moja ukiwa umefunika lenzi kwa kifuniko chake, utaitumia kuzitoa nukta kwa mkono baadaye.

Kwa wanaotumia simu

Hali ya usiku ya simu haifai kwa kazi hii. Inapiga picha nyingi fupi na kuzilinganisha, na chochote kilichosogea inakiona ni kosa, inakifuta. Mwanga wako ndio unaosogea. Ingia hali ya Pro, ile ya kupanga mwenyewe, shusha ISO hadi chini kabisa, shata sekunde 20 au 30 kama simu inaruhusu, fokasi ya mkono. Lenzi ya simu nyingi imefunguka siku zote na huwezi kuifunga, kwa hiyo taa yako iwe hafifu, kitambaa mara mbili au tatu. Kama shata ya simu inaishia sekunde chache, piga vipande vingi, kila kimoja sehemu moja ya gari, uviunganishe.

Kuunganisha kumeacha alama

Kwenye Photoshop picha hupangwa kama leya, yaani tabaka juu ya tabaka, na kila leya ya juu huwekwa hali ya Lighten, inayochukua kilicho angavu zaidi katika kila nukta. Kwenye simu, Snapseed ina hali hiyohiyo ndani ya Double Exposure. Kingo zisipolingana, stendi iliguswa katikati ya kazi. Rudi kwenye sehemu ya kingo mbili. Gari likionekana bandia, limewaka kila mahali kwa usawa, shida si ya programu. Zima leya mbili. Mistari miwili au mitatu inayofuata mkunjo wa bati inatosha kulitambulisha gari, na sehemu nyingine ziachie giza.

Kazi imesimamishwa

Gari limezimwa porini, watu wamevaa nyeusi wanalizunguka na tochi: hata mimi ningepiga simu polisi. Mwone mwenyekiti wa mtaa mchana, mweleze, na kama kuna mlinzi jirani mwambie pia. Kaa mbali na majengo ya Mji wa Serikali Mtumba, kambi za jeshi, uwanja wa ndege na reli ya SGR. Beba kitambulisho na kadi ya gari, na mwenye gari awepo.

Picha zimepatikana, gari haliwaki

Taa zimewashwa na kuzimwa usiku kucha, swichi imeachwa ikiwa imewashwa, redio inapiga muziki wa kuwachangamsha wasaidizi, na injini imezimwa kama nilivyoagiza. Betri imeisha. Gari la giya za kawaida mtalisukuma. La otomatiki, na ndiyo mengi tuliyo nayo, halisukumwi likawaka. Nenda na waya za kubusti na gari la pili, na kati ya pozi moja na jingine, kamera ikiwa imeshashushwa kwenye stendi, washa injini dakika kumi.